Riwaya yangu ina mchukuzi wa kike anayempenda mwanamke mwenzake. Nimwandikeje?

"Shikamoo mama. Nina miaka 27, nafanya kazi ya kuanika dagaa Igombe, na usiku naandika riwaya. Mhusika wangu anaitwa Kulwa, mwanamke mchukuzi wa magunia pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Anavaa suruali na kofia, wateja wengi wanamwita kaka na yeye hawasahihishi. Amepanga chumba Igogo na Sabina, muuza samaki wa kukaanga, na wanapendana. Nimewapa watu watatu wasome. Wa kwanza amesema mambo haya ni ya Wazungu wenye hela, mchukuzi hana nafasi nayo. Wa pili amesema lazima nieleze kilichomharibu Kulwa, labda alibakwa au ana jini. Wa tatu amesoma kwenye simu riwaya ya Marekani iitwayo Stone Butch Blues, akanishauri niige ile, na nitamke wazi kama Kulwa ni mwanamume au mwanamke ili msomaji asibaki njia panda. Wote watatu wameniuliza nani ni mume. Sura ya tatu nimeifuta mara nne. Nimwandikeje, na je, nitaingia matatani?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kufuta. Sura hiyo uliyoiambatisha nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama msomaji tu, mara ya pili na kalamu mkononi. Nimehariri miswada hapa Mwanza kwa zaidi ya miaka ishirini, na ni waandishi wachache sana niliowapata wanaojua dagaa wanavyobadilika rangi kwenye chanja jua linapopanda. Wewe unajua. Ndiyo mali uliyonayo, na imeniuma kuona kwamba ndiyo uliyoifuta.

Tazama kilichotokea. Katika sura ya kwanza Kulwa yuko kazini na mimi namwona. Katika sura ya tatu, baada ya wasomaji wako kusema yao, Kulwa amekaa kitandani kurasa nne anajiuliza yeye ni nani. Hakuna gunia, hakuna Sabina, hata ziwa halisikiki. Anawajibu watu watatu ambao hawamo kwenye riwaya. Ngoja niwajibu mimi, wewe umrudishe Kulwa mwaloni.

Huyo wa kwanza, anayesema haya ni mambo ya Wazungu wenye hela, amechanganya makosa mawili. La asili kwanza. Mwaka 1899 mtaalamu wa Austria aitwaye Haberlandt alichapisha maelezo kuhusu Zanzibar ambamo aliandika maneno aliyoyakuta vinywani mwa watu, likiwemo kusagana, na jina la "mke si mume". Neno halizaliwi bila watu wa kuitwa hivyo. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Gill Shepherd aliandika kuhusu Mombasa na kueleza jinsi cheo na mali vilivyokuwa na uzito katika uhusiano wa aina hii: mwanamke mwenye uwezo akimtunza mwenzake asiye nacho. Unaona kwamba hata huko pwani hela ilikuwamo ndani ya mapenzi yenyewe, ikiamua nani amtembelee nani na nani amshonee mwenzake nguo.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kwa kuwa wenye hela ndio walioandikwa, basi wenye hela ndio waliokuwapo. Riwaya ya Kiingereza iliyovuma kuliko zote za zamani kuhusu jambo hili ni The Well of Loneliness ya Radclyffe Hall, iliyotoka mwaka 1928. Mhusika wake mkuu, Stephen, ni mwanamke aliyepewa jina la kiume na baba yake, amekulia katika jumba la kifahari, ana farasi, ana urithi. Akifukuzwa nyumbani ana pa kwenda. Msomaji aliyeanzia hapo ataamini kwamba kuwa mwanamke wa namna hiyo kunahitaji farasi. Lakini wakati huo huo walikuwapo wanawake viwandani na majikoni waliopendana, wasio na karatasi, wasio na saa ya kuandika, wala mchapishaji wa kuwapokea. Ilichukua muda mrefu. Mwaka 1993 ndipo Leslie Feinberg, aliyekulia Buffalo, mji wa viwanda ulio kando ya Ziwa Erie, alipotoa hiyo Stone Butch Blues aliyokutajia rafiki yako. Mwaka huo huo Elizabeth Kennedy na Madeline Davis walichapisha historia ya wanawake wa Buffalo hiyo hiyo, iliyotokana na simulizi za wazee wenyewe, ikionyesha jinsi wanawake wafanyakazi walivyojijengea maisha ya pamoja katika baa za mji wao tangu miaka ya 1930. Mji wa viwanda, ukingoni mwa ziwa kubwa. Sishangai rafiki yako akaona undugu na Mwanza.

Sasa tuingie kwenye kazi, maana hapa ndipo riwaya yako inaweza kuwashinda wengi. Watu hudhani kwamba umaskini ni mandhari tu, kitu cha kupaka nyuma ya wapenzi wawili kama pazia la studio ya picha. Sivyo. Kazi ndiyo inayomtengeneza Kulwa mbele ya macho ya watu. Anavaa suruali kwa sababu huwezi kupanda ubao wa boti na gunia begani huku kitenge kinafunguka. Mabega yamepanuka kwa magunia. Sauti imekuwa nzito kwa kupigia kelele upepo na injini. Mtu akimtazama asubuhi hawezi kutenganisha kipi ni kazi na kipi ni Kulwa, na Kulwa mwenyewe huenda hawezi. Pale mwaloni suruali haimshangazi mtu. Lakini avae suruali hiyo hiyo Jumapili, imepigwa pasi, kwenye harusi ya binamu yake Misungwi, na mayu yake, yaani mama yake, amwone anaingia ukumbini. Hapo kazi haiwezi tena kumsemea. Tukio hilo huna katika muswada, na nadhani riwaya yako inalililia.

Kisha kuna mwezi. Wewe unaujua kuliko mimi: dagaa huvutwa kwa taa, na mwezi ukipevuka taa hazifui dafu, boti zinalala, magunia yanapungua. Kulwa analipwa kwa gunia, kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo hana kitu na Sabina ndiye anayelisha nyumba kwa kikaango chake. Anayeonekana nje kama mwenye nguvu, ndani anasubiri kupewa hela ya sabuni. Wanalipokeaje hilo? Je, Sabina humpa mkononi, au huiacha chini ya kikombe ili asimwaibishe? Ukinijibu swali hilo kwa ukurasa mmoja, utakuwa umeniambia juu ya jinsia ya Kulwa mambo ambayo zile kurasa nne za kitandani hazijaniambia.

Na chumba. Wanawake wawili kupanga chumba kimoja Igogo hakumshtui mwenye nyumba, wengi hufanya hivyo kwa ajili ya kodi. Kodi ya miezi sita ndiyo sitara yao. Lakini nyumba zenyewe hazina dari, vyumba sita chini ya bati moja, na sauti hupita juu ya ukuta. Mlango wanao, ukimya hawana. Mtu tajiri hanunui nyumba tu, hununua na kutosikiwa. Hawa wawili lazima wajifunze kupendana kwa sauti ya chini, wangoje mvua ipige bati. Umeandika kwamba "walizungumza mpaka usiku wa manane". Kwa sauti gani, mwanangu? Jirani yao analala umbali wa mkono mmoja.

Nije kwenye lugha, kwa sababu hapa wewe umepewa zawadi, na zawadi hiyo ina mtego ndani yake. Anayeandika kwa Kiingereza kwa kawaida humtaja mtu mmoja kwa kiwakilishi cha kiume au cha kike, ndiyo maana waandishi wa huko wamehangaika mpaka wakabuni viwakilishi vipya, na Feinberg alikuwa miongoni mwa waliovitumia. Sisi tuna "yeye" na "a-", basi. Kulwa aliamka, alibeba, alicheka. Hata jina ulilompa ni la pacha wa kwanza, awe wa kiume au wa kike. Unaweza kwenda kurasa mia bila sarufi kukubana.

Mtego wenyewe ni kuugeuza ukimya huo kuwa fumbo: kumficha msomaji kwa makusudi kisha sura ya tisa kumfunulia kwamba kumbe Kulwa ni mwanamke. Usifanye hivyo. Kwa mtu kama Kulwa, kufunuliwa ni jambo la hatari, hutokea kwenye kituo cha mabasi au mbele ya kundi la walevi. Mwandishi akilifanya kuwa burudani ya msomaji, amejiunga na kundi lile. Msomaji ajue mapema, kwa utulivu, kisha aone jinsi wengine wasivyojua.

"Yeye" haina jinsia, lakini namna tunavyoitana inayo. Kaka, dada, anko, mama, braza, sista. Mtu akivuka soko la Mwaloni kutoka lango hadi ziwani ataitwa mara ishirini. Mhesabie Kulwa majina hayo. Nani anamwita nini, na yeye huitikia lipi haraka zaidi? Nimejaribu kipande kifupi kwa vitu ulivyonipa mwenyewe, si ili ukinakili, bali uone ninachomaanisha:

Gunia la kumi na moja lilipomkalia begani, ubao ulishuka kidogo ukagusa maji. "Kaka, ongeza mwendo, lori linaondoka," alisema mnunuzi. Karani akavuta mstari wa chaki ukutani. "Dada Kulwa, kumi na moja," akasema, maana walisoma darasa moja. Kulwa aliwaitikia wote wawili kwa kichwa. Pale kwenye jiko, Sabina alikuwa ameshaiweka chai juu ya ndoo iliyofudikizwa. Sikio la kikombe alilielekeza kushoto. Tangu Jumanne mkono wa kulia wa Kulwa haukuinuka vizuri, na hakuna aliyeambiwa. "Mwenzangu," alisema Sabina bila kuinua macho kwenye mafuta, "kunywa kabla hawajakuita tena."

Hapo hakuna aliyejieleza. Mnunuzi ana Kulwa wake, karani ana wake, na Sabina anamwita "mwenzangu", neno la Kiswahili safi ambalo mke humwita mume, mume humwita mke, na majirani wanalisikia bila kugeuka. Lugha yetu ina mwenzi, mpenzi, mwandani, maneno yasiyouliza. Yatumie.

Liko neno moja linalouliza, nalo ni kuoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na ndiyo maana wote watatu wamekuuliza nani ni mume: sarufi ya ndoa imewafundisha kwamba lazima awepo mtendaji na mtendewa. Rafiki wa hapa kanda ya ziwa atakuambia upesi kwamba Wakurya wa Mara wana nyumba ntobhu, ambapo mwanamke huoa mwanamke, kwa hiyo jambo lako lina mila. Kuwa mwangalifu hapo. Katika nyumba ntobhu mwanamke mwenye umri, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe akaoa binti ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake, na baba wa watoto ni mwanamume anayechaguliwa. Ni utaratibu wa uzazi, urithi na ulinzi wa mali. Kuuita usagaji ni kuwasingizia akina mama wale. Lakini unakufaa kwa jambo moja dogo: unathibitisha kwamba sentensi "mwanamke yule ameoa" inasemeka kwenye mwambao huu bila mtu kuanguka. Unaweza kumpa Sabina shangazi wa Tarime aliyeolewa hivyo, mwenye maoni yake makali, ambaye hakubaliani kabisa kwamba yeye na Sabina wanafanana. Ugomvi huo wa jikoni ningependa kuusoma.

Kuhusu swali lenyewe la nani mume: jibu ni kwamba hakuna. Wanawake wafanyakazi wa Buffalo walikuwa na mgawanyo wao, mmoja wa kiume katika mavazi na mwendo, waliyemwita buchi, na mwenzake waliyemwita femu, na watu wa nje waliwacheka kwamba wanaigiza mume na mke. Walioishi hivyo walieleza kitu tofauti. Buchi hakuwa na mamlaka ya mume, hakuwa na sheria wala ukoo nyuma yake, na mara nyingi femu ndiye aliyeleta hela na kumuuguza baada ya kipigo cha polisi. Ulikuwa mtindo wa kupendana wenye adabu zake. Ukimwandika Kulwa kama mume mdogo, anayeamrisha chakula na kupiga meza, utakuwa umemkopesha sura isiyo yake.

Hili linanipeleka kwa Sabina, na hapa nina lawama kidogo. Katika kurasa zote ulizoniletea, Sabina anapenda, anakaanga, anangoja. Hana hata sentensi moja inayoniambia kwa nini yeye, mwanamke anayeweza kuolewa kesho na mwenye boti, amelala Igogo na mchukuzi. Usiniambie kwamba alichoshwa na wanaume. Hiyo ni sababu ya kumkimbia mtu, haitoshi kuwa sababu ya kumwendea mwingine. Alimwona Kulwa wapi mara ya kwanza? Alipenda nini, shingo, ucheshi, namna anavyokunja shuka? Mwandishi anayempenda sana mhusika wa kiume-kike humsahau mwenzake, nimeliona katika miswada mingi.

Msomaji wako wa pili anataka kilichomharibu Kulwa. Nitamjibu kwa kifupi kwa sababu kosa lake ni la kawaida na jibu lake halihitaji mapambo. Wataalamu hawajapata sababu moja inayomfanya mtu apende jinsi yake au ajione tofauti na alivyozaliwa. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsi moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, na katika toleo jipya lililoanza kutumika mwaka 2022 liliondoa pia suala la utambulisho wa jinsia katika sura ya magonjwa ya akili. Ubakaji hutokea, na huwatokea wanawake wa kila aina, wengi wao wakaolewa na kuzaa. Ukiuweka kama ufunguo wa Kulwa, umetukana pande mbili: umemfanya Kulwa kuwa jeraha, na umefanya ubakaji kuwa mtambo wa kutengeneza watu. Kama jini limo katika fikra za watu wako, liwemo. Mama yake ampeleke kwa mganga, mganga apige manyanga. Msimulizi tu asilithibitishe.

Wa tatu ndiye mgumu, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Anataka utamke. Ngoja nitenganishe mambo matatu ambayo kwa kawaida tunayafunga mzigo mmoja. Jinsi ni mwili ulivyozaliwa. Jinsia ni jinsi mtu anavyoishi na kujijua, na jinsi jamii inavyomchukulia, kama mwanamume, mwanamke au kitu kingine. Na kupenda ni jambo la tatu. Mwanamke anayempenda mwanamke anaweza kujiona mwanamke kamili na asimiliki suruali hata moja. Mwingine ni mwanamke wa kiume, anafurahi kuwa hivyo, na ukimwita mwanamume utamkosea. Mwingine anajijua kuwa mwanamume tangu utoto, na hadithi yake si ya wasagaji kabisa, ni ya mwanamume anayempenda mwanamke katika mwili usiokubaliana naye. Na wengine hawakai popote kwa muda mrefu.

Jess, mhusika mkuu wa ile Stone Butch Blues, amepita karibu njia hizo zote. Anaanza kama buchi viwandani na kwenye baa. Kazi zinapokuwa ngumu na vipigo vinapozidi anaanza kutumia homoni za kiume, na Theresa, mwanamke anayempenda, hawezi kumfuata huko, wanaachana. Anaishi miaka akichukuliwa kuwa mwanamume, kwa usalama na upweke mkubwa, kisha anaziacha homoni na kubaki katikati, akiwa na sauti nzito, maana sauti iliyoshushwa na homoni hairudi. Ni kitabu cha kweli kilichoniliza, na mwandishi alikiacha kisomwe bure mtandaoni, basi kisome mwenyewe badala ya kusimuliwa. Lakini kukiiga? Jess ana chama cha wafanyakazi, ana baa yenye wenzake, ana polisi wa namna fulani, ana daktari wa homoni. Kulwa hana hata kimoja. Ukimjengea baa ya Buffalo pale Kirumba, kila msomaji wa Mwanza atajua umeitoa kwenye kitabu. Wenzake Kulwa atawapata wapi? Labda kwenye timu ya mpira ya wanawake, labda kwenye kikoba, labda saluni moja ambako mwenye saluni haulizi kitu anapomnyoa. Tafuta mahali penu.

Nirudi kwenye kutamka. Una njia mbili za haki. Ya kwanza, wewe uamue kimoyomoyo Kulwa ni yupi kati ya hao, na usiandike jina lake popote, ila kila tendo litoke humo. Faida yake ni kwamba vitendo vitashikamana. Hasara yake ni kwamba baadhi ya wasomaji watakusoma vibaya, na itakubidi uvumilie. Ya pili, Kulwa mwenyewe hajui, na riwaya ni safari ya kutojua kwake. Hii ni tamu zaidi na ngumu zaidi, kwa sababu mwandishi mvivu hujificha nyuma yake. Ukiichagua, mpe Kulwa usiku mmoja anaosema kitu kwa Sabina kwa maneno yake, maneno machache ya mchukuzi, hata kama ni "wakiniita kaka napumzika". Mstari huo ulikuwa katika rasimu yako ya pili na umeufuta. Urudishe. Mimi ningechagua njia ya pili, kwa sababu ya mstari huo.

Maneno ya matusi yabaki vinywani mwa wahusika. Msagaji, jike dume, tomboi, kila moja lina kiwango chake cha ukali, na tomboi hata huwa la kirafiki. Msimulizi wako asilitumie la kwanza kama jina la kawaida la mtu. Na kumbuka kwamba "shoga" kwa wanawake wa rika la mama yake Sabina bado ni rafiki wa kike tu. Vijana wa leo wakilisikia watacheka, na pengo hilo la vizazi ni mali kwa mwandishi.

Je, utaingia matatani? Sitakudanganya. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, upande wa Bara, kinaadhibu kinachoitwa kuingiliana kinyume cha maumbile kwa kifungo kisichopungua miaka 30, na Zanzibar mwaka 2004 iliweka kosa linalowataja wanawake moja kwa moja. Hayo yanahusu matendo, na riwaya ni jambo jingine. Lakini zipo pia sheria za machapisho machafu, na zipo kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zenye orodha ndefu ya yaliyokatazwa. Usidhani kwamba kutoandika tukio la chumbani kunatosha kukulinda: riwaya ya Radclyffe Hall haikuwa na tukio la wazi, na bado mahakama ya London iliamuru nakala zake ziteketezwe Novemba 1928. Kabla hujachapisha popote, hata sura moja kwenye simu, mpelekee wakili muswada uliochapwa, ukae naye ana kwa ana, umwambie unataka kuutoa wapi na kwa jina gani. Mimi ni mhariri, na hapo mwisho wa ujuzi wangu umefika.

Kuna hatari nyingine ambayo wakili hataiona, na hii inanisumbua kuliko ile. Kama Kulwa ana mtu halisi nyuma yake, mchukuzi unayemfahamu, mwenye kovu lile la nyusi uliloliandika, utamfikisha pabaya kwa kitabu chako hata kama wewe utasalimika. Badili kovu. Badili mwalo, badili mtaa, badili pacha. Mtu huyo hajaomba kuandikwa. Kama una njia salama ya kumuuliza, muulize.

Na usikimbilie. Tunatoka kwenye ziwa la waandishi wenye subira. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Kezilahabi, wa kisiwa hicho hicho, aliandika Rosa Mistika mwaka 1971 kuhusu binti na mwili wake, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na leo wanafunzi wanaichambua. Sisemi kwamba yako itafuata njia hiyo. Nasema andika yote kwanza, amua kuchapisha baadaye, ni maamuzi mawili tofauti. Muswada mzima sandukuni una thamani kuliko sura tatu zilizotolewa kwa pupa.

Jambo la mwisho nitaliuliza polepole, na huna haja ya kunijibu. Umefuta sura mara nne. Wakati mwingine mwandishi hufuta kwa sababu sura ni mbaya, na wakati mwingine kwa sababu inamkaribia mno. Ikiwa hadithi hii inagusa maisha yako mwenyewe, na hasa kama usingizi umepotea, au umeanza kufikiri kwamba ingekuwa nafuu usiwepo, usilibebe peke yako wala usingoje riwaya iishe. Nenda kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali kubwa iliyo karibu nawe, omba kuonana na mshauri faraghani. Una haki ya kuanza na usingizi tu na kuona kwanza huyo mtu anatunza siri kiasi gani kabla hujasema zaidi. Kama yupo mtu mmoja unayemwamini, mwambie unakwenda siku gani.

Ukiwa tayari, niletee sura ya tatu mpya, iliyochapwa kwenye karatasi, nafasi mbili kati ya mistari ili nipate pa kuandika. Ianze na siku ya kwanza ya mwezi mpevu, boti zimelala, Kulwa hana kazi, na Sabina anahesabu hela ya mafuta ya kukaangia.